Mwanamke Aliyemchukia Perisi

Tak.

Mlio huo ndio Ednah Igoki anaoukumbuka kuliko maneno yote ya siku ile. Ulitoka kwenye taya la Wawira, binti ya dada yake, kila alipotafuna, kama mtu anayevunja kijiti kikavu ndani ya kitambaa. Ednah alikuwa amempakulia githeri ya mchana, mahindi na maharagwe. Aliposikia mlio ule mara ya pili, akamwondolea sahani mbele yake, akaenda jikoni kumpondea viazi. Aliviponda kwa nguvu hata mumewe, Naftaly, akaja mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi akidhani kuna watu wanapigana.

"Wewe, hivyo viazi vimekukosea nini?"

"Nyamaza, Baba Gichovi."

Naftaly akamwangalia yule msichana kwenye kigoda, akaliona shavu lililovimba likang'aa kama bilinganya. Akaweka ndoo chini akatoka taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ibada haijaisha.

Wawira alikula viazi kwa ncha ya kijiko. Alipopata nguvu ya kusema, alisema kwa upande mmoja wa mdomo.

"Tata," alimwita, maana ndivyo watoto wa Embu wanavyomwita dada ya mama, "mama amesema Alhamisi watanisindikiza nirudi kwa Misheck."

"Na wewe unataka kurudi kwa mumeo?"

"Sitaki."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Akanipa kitabu cha tano nisome."

Ednah aliketi. Alitaka kuuliza mambo mengi, lakini aliuliza moja tu. "Una wajomba watatu, na nyumba zao ni kubwa kuliko hii. Kwa nini umekuja kwangu?"

"Kwa sababu kila mtu anajua wewe humpendi Perisi."

Perisi hakuwa jirani, wala hakuwa ndugu. Alikuwa mwanamke wa kitabuni. Vitabu vya Safari ya Perisi vilifika Karurumo mwaka ule kahawa ilipolipa vizuri, katikati ya miaka ya themanini, na vilikuwa vyembamba, vya jalada la samawati, vyenye picha ya mwanamke amepiga magoti mbele ya mafiga huku mvuke ukimfunika uso. Kwanza viliuzwa Runyenjes, katika duka la madaftari na chaki. Kisha vikaonekana sokoni kando ya mafungu ya maparachichi. Kisha vikauzwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, na hapo vikawa si vitabu tena. Wanawake ambao hawakuwa wamesoma kitu tangu watoke shule walirudi kusoma, wakifuata mistari kwa kidole. Wasiojua kusoma walisomewa. Kila Alhamisi, baada ya maombi ya akina mama, mwenyekiti wao alisimama akasoma sura moja kwa sauti. Mwenyekiti huyo alikuwa Felicitas, dada mkubwa wa Ednah, mama yake Wawira, mwanamke mwenye sauti inayoweza kumfanya mtu aombe msamaha kwa kosa ambalo hajalitenda.

Hadithi yenyewe ilikuwa moja. Perisi ameolewa na Joramu. Joramu anakunywa, anapiga, anamtupa Perisi nje mvua ikinyesha. Perisi anakwenda kwao, analia, anaomba, anarudi. Anapiga magoti, anapika. Katika kila kitabu Joramu alikuwa anakaribia kuokoka, lakini hakuokoka, maana angeokoka vitabu vingekwisha. Na katika kila kitabu Perisi alisema yale maneno ambayo wanawake wa Karurumo waliyashona kwa uzi mwekundu kwenye vitambaa vya makochi: Mlango ulionifungia ndio mlango wangu. Ungeingia nyumba yoyote kunywa chai, ukaegemea, na maneno hayo yakawa nyuma ya kichwa chako.

Ednah hakuvichukia kwa kusikia. Alivisoma. Alikisoma cha kwanza ameketi dirishani, mbaazi za kuambua zikiwa mapajani, akafika mwisho mbaazi hazijaguswa na moyo unamwenda mbio, si kwa raha. Akakisoma cha pili kusudi aone kama amekosea. Hakuwa amekosea.

"Ukurasa huu amevunjwa mkono," alimwambia Naftaly, akigonga kitabu kwa ukucha. "Geuza. Anakanda chapati. Kwa mkono gani?"

"Labda wa kushoto."

"Chapati?"

Naftaly aliwaza. Alikuwa karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa, mtu mpole, na ukweli ni kwamba yeye alivipenda vile vitabu, na kuna mahali alikuwa amelia. "Mimi namwona ni mtu mzuri tu," alisema.

"Wewe lazima umpende. Anapika huku anavuja damu na chumvi haizidi."

Hilo ndilo lililomkera zaidi. Perisi hakuwa na mwili. Alipigwa, lakini hakuwa na alama iliyopita ukurasa mmoja. Watoto wake hawakuharisha. Chakula chake hakikuungua hata siku moja. Alilala juu ya mawe na akaamka anaimba. Ednah alikuwa amezaa watoto wanne, amewahi kuanguka na debe la buni mgongoni, anajua kwamba kiuno kikiumia leo kitakukumbusha mwakani msimu wa baridi ukija. Mwanamke ambaye maumivu hayamkai, aliona, ameandikwa na mtu anayetaka wengine nao wasiseme yanapowakaa.

Lakini mtu anaweza kutokipenda kitabu na dunia ikaendelea. Kilichomgeuza Ednah kuwa mwenye hasira ni yale yaliyotoka kitabuni yakaingia barabarani.

Katika kitabu cha tatu, akina mama wa kanisa wanamsindikiza Perisi kurudi kwa Joramu. Wanaimba njia nzima. Mmoja amembebea mzigo, mwingine amemshika mkono, na mlangoni wanamkabidhi kwa mumewe, naye Joramu anatokwa na machozi. Wanawake wa Karurumo waliposomewa sura hiyo walilia mpaka leso zikalowa, na kabla ya mavuno ya mwaka huo walikuwa wamemsindikiza mke kwa mara ya kwanza.

Haikuwa hivyo zamani. Mke akikimbilia kwao, wazee wa upande wa mume ndio waliofunga safari. Walikaa uani mwa baba wa msichana, wakacheleweshwa makusudi, wakapewa uji uliopoa, wakaulizwa mtoto wetu alikosa nini hata akaja na shavu hili. Mume mwenyewe aliketi hapo kichwa chini akisikiliza aibu yake ikitajwa. Kisha msichana aliitwa, akaulizwa. Haikuwa haki kamili, na wengi walirudishwa machozi yakiwatoka, lakini angalau mwanamume alitembea. Sasa Misheck na wenzake hawakuhitaji hata kuvaa viatu. Walikaa kwenye kiti, na kanisa likawaletea mke hadi mlangoni kwa nyimbo, kama gunia la mbolea kutoka kwa chama cha ushirika.

Halafu likaja jambo la maombi.

Kitabu cha tano kiliishia pabaya. Perisi ana mimba pevu, mto umefurika, Joramu hajulikani aliko, basi, mwisho. Kitabu cha sita kikachelewa. Miezi ikapita. Alhamisi moja, wakati wa kutaja mahitaji, mmoja alimwombea ng'ombe wake, mwingine mtoto aliyekuwa anafanya mtihani, kisha akasimama Cucu Karambu. Alikuwa bibi aliyezaliwa Meru akaolewa huku tangu zamani, hakujua kusoma, na yote aliyoyajua juu ya Perisi aliyapata kinywani mwa Felicitas.

"Mimi naomba tumkumbuke Perisi," alisema, ameegemea mkongojo. "Miezi yake imepita. Mtoto huyo atamchokea tumboni."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, na wako wengine ambao wakati huo hawakuwa na hakika wenyewe. Felicitas alisita kidogo tu. Kisha akafumba macho, na wote wakafumba. "Bwana, mkumbuke dada yetu Perisi. Mvushe mto huu. Mfungue salama."

"Amina," kanisa likajibu, na mtu mmoja akaanza kulia.

Ednah alikuwa na macho wazi. Mbele yake aliketi jirani mmoja ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kwa leso shingoni. Alikuwa amesema ameteleza shambani. Ilikuwa kiangazi, ardhi kavu kama tofali.

Akasimama. "Mnamwombea nani?"

Macho yakafumbuka.

"Nauliza. Huyo mtu hayupo. Ni wino. Mmekaa hapa mnaombea mimba ya wino, na huyu ana mkono umefungwa na hakuna aliyemwuliza hata ameteleza kwenye tope lipi."

Yule jirani akainamisha kichwa mpaka karibu kiguse magoti.

"Ednah, keti," Felicitas akasema.

"Siketi."

"Basi toka nje mpaka moyo wako upoe."

Alitoka, na moyo haukupoa. Nje, chini ya mabati ya kibarazani, alimsikia Cucu Karambu akimfuata, mkongojo ukigonga saruji.

"Kwani kweli hayupo?"

"Hayupo, Cucu. Ni mtu wa kutungwa."

Bibi akatazama barabara. "Basi nimelia bure miaka yote hii?" Kisha, baada ya kuliwaza hilo: "Afadhali. Nilikuwa nimemchoka, lakini mtu mwenye mimba humwambii."

Wiki iliyofuata Ednah alitumiwa habari kwamba asije Alhamisi mpaka aombe radhi. Hakuomba.

Alitazamia upweke, na wa mwanzo ulikuja kweli. Wanawake waliokutana naye kisimani walisalimia ndoo yake. Lakini kukosa kumpenda Perisi kulimletea mambo ambayo hakuyategemea. Alhamisi zikawa zake. Alilima kipande cha kando ya kijito kilichokuwa na nyasi tu, akapanda sukuma wiki na vitunguu, na jioni alilala kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe. Hakushona lile gauni la Perisi la kola nyeupe, kola iliyokuwa nyeusi kwa masizi kabla ya saa nne asubuhi, ambalo wenzake waliligombania kwa fundi. Hakugombana na mtu juu ya kitabu kilichoazimwa kikarudi kimemwagikiwa mchuzi. Wako majirani wawili ambao hawaamkiani mpaka leo kwa sababu ya kitabu cha nne. Haya yote alimsimulia Naftaly akicheka, na ilikuwa mara chache siku hizo kumwona akicheka.

Faida yenyewe iliingia kwa njia ya nyuma, kupitia migombani, na ilikuja kuazima ungo.

Alikuwa yule jirani wa mkono. Alikuwa na ungo wake mzuri kuliko wa Ednah. Alikaa kwenye kigoda, akaupokea ungo, akauweka mapajani, hakuondoka.

"Mama Gichovi, ni kweli humpendi yule?"

"Simpendi."

"Hata kidogo?"

"Hata upendo wa kupaka kidoleni."

Mwanamke akageuza ungo, akauangalia chini, kama anatafuta jina la fundi. "Mimi kuna mahali ananichosha. Pale Joramu anapommwagia chai."

"Napakumbuka."

"Chai ilikuwa moto?"

"Kitabu hakisemi."

"Ilikuwa moto," mwanamke akasema, na akaipandisha mikono ya sweta.

Ednah aliyaelewa mambo polepole, kama mtu anayezoea giza la jikoni akitoka juani. Wanawake hawa wasingeweza kumtaja mume kwa ubaya. Kwa mama zao ilikuwa aibu, kwa kanisa ilikuwa dhambi, kwa majirani ilikuwa habari ya sokoni. Lakini kumsema Joramu haikuwa kosa. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kitabu. Na katika Karurumo nzima kulikuwa na jiko moja tu ambamo Joramu angeweza kusemwa, jiko la mwanamke aliyefukuzwa kwa kumsema. Basi wakaja. Mmoja aliazima chujio, mwingine aliuliza mbegu za vitunguu, na wote walianza pale pale: hivi huyo Perisi halali njaa? Hivi huyo Perisi akimwona mwanamume amesimama mlangoni hivi, tumbo halimkati?

Naye alijifunza kutouliza habari za nyumbani kwa mtu. Aliuliza tu, "Angekuwa na akili, Perisi angefanya nini?" Wakajibu. Mmoja alisema Perisi angehamisha sanduku lake la nguo kidogo kidogo kwa kaka yake, na kabla ya Krismasi sanduku la mwanamke huyo lilikuwa kwa kaka yake. Mwingine alisema Perisi angetafuta kazi mbali, na akaenda Timau, kwenye mashamba ya mboga, kwenye baridi ile ya mlimani, akaandika kwamba mikono inapasuka lakini analala usingizi. Ednah hakumwambia yeyote juu ya mwingine. Kila mmoja alidhani yuko peke yake katika kumchoka Perisi, na Ednah, akiwasindikiza hadi migombani, hasira ilimpanda mpaka masikioni kwa kuona wanawake wengi namna ile, wametawanyika kila mmoja na jiko lake, wakikutana Alhamisi kumlilia mtu wa karatasi.

Hivyo ndivyo Wawira alivyokuwa amejua njia ya kufuata.

Siku iliyofuata Ednah alimpeleka zahanati. Taya lilikuwa na ufa. Walilifunga kwa bendeji kuzunguka kichwa na kidevu, wakamwambia asitafune, asiseme sana, ale vya kunywa. Felicitas alituma mtu kuuliza binti yake yuko wapi, na Ednah akajibu wazi, yuko kwangu, na Alhamisi haendi kokote. Jibu la Felicitas lilirudi jioni hiyo hiyo: tutakuja kumchukua hapo hapo.

Ilikuwa Julai, wakati ukungu unashuka mlimani ukakaa juu ya kahawa mchana kutwa. Waliwasikia kabla ya kuwaona. Wimbo ulipanda kutoka barabarani, ukakata kona ya shamba, na mibuni ikaanza kuzaa kola nyeupe, moja baada ya nyingine. Felicitas alikuwa mbele. Mikononi alibeba kitabu cha tano, kimefungwa ndani ya leso mpya, maana ndivyo ilivyokuwa desturi sasa, mke akabidhiwe na kitabu.

Naftaly alikuwa langoni.

"Baba Gichovi, tufungulie."

"Shemeji, lango limeshikwa na msumari."

"Limeshikwa lini?"

"Sasa hivi."

Wengine waliona haya kwa niaba yake. Felicitas akasukuma lango, likafunguka bila shida, wakaingia uani. Ednah alitoka jikoni akifuta mikono kwenye sketi. Nyuma yake, katika upande wa giza wa mlango, bendeji nyeupe ilionekana, na macho.

"Karibuni," Ednah akasema. "Chai ipo. Mtu hayupo."

"Wawira yumo ndani, namwona."

"Aliyemo ndani ni mgonjwa. Wa kusindikizwa hayupo."

"Ednah, tusitiane aibu mbele ya watu. Mume wake amesamehe."

"Amesamehe nini? Taya liliumiza ngumi yake?"

Kuna mtu alicheka ndani ya leso akajifanya anakohoa. Felicitas hakugeuka.

"Hakuna nyumba isiyo na mambo," alisema kwa ile sauti yake ya Alhamisi. "Mwanamke anayejenga huvumilia. Hata Perisi aliumizwa, na hakukaa kwa mama mdogo akila viazi."

"Yuko wapi Misheck?"

"Nyumbani. Anangoja."

"Anangoja. Amekaa anangoja chai, na ninyi mmelowa mpaka magotini." Ednah alishuka ngazi moja. Akaikunja mikono. Alitaka kuwataja. Angeweza kunyoosha kidole, wewe wa sanduku, wewe wa chai ya moto, na uani pangewaka moto. Aliwatazama usoni, na kila aliyemtazama aliomba kwa macho asitajwe. Akayameza majina.

"Nina swali," akasema. "Si la nyumbani kwa mtu. Ni la kitabu tu. Nani hapa anampenda Perisi?"

Wimbo ulikuwa umeshakatika. Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati yakaingia pipani.

"Ni swali gani hilo," Felicitas akasema. "Sote."

"Nimewauliza wao."

Mkongojo ukagonga mawe. Cucu Karambu alikuwa nyuma kabisa, amechelewa kwa sababu ya mlima. "Mimi simpendi," alisema, akihema. "Sikusema, kwa sababu sijui kusoma, nikafikiri penye uzuri wake pako kwenye maandishi."

Watu wakacheka, kicheko kifupi.

"Hata mimi," jirani wa mkono akasema, akiangalia viatu vyake. "Simpendi."

"Chakula chake hakiungui," mwingine akasema.

"Na akitupwa nje usiku huwa anaenda haja wapi? Kitabu kinaruka hapo."

"Mimi nimemchoka tangu kile cha pili."

"Wewe? Si ndiwe ulimwita mtoto wako Perisi?"

"Ndiyo. Na nimemchoka."

Walicheka tena, lakini kicheko hakikufika mwisho. Kilikwama njiani, na wakaanza kutazamana. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja alikuwa anahesabu upya uso wa mwenzake, miaka, leso zilizofungwa hadi kwenye nyusi, matelezo ya kiangazi. Yule aliyepewa kazi ya kubeba mzigo wa Wawira aliishusha kanga yake tupu kutoka begani, akaikunja, akaiweka kwapani.

Hapo ndipo Ednah angepaswa kupoa. Badala yake hasira ilimjia mpya, kubwa kuliko ya mwanzo, na machozi yakamjia nayo.

"Na mmekuja mnaimba," aliwaambia. "Nyote. Mmepanda mlima huu mnaimba."

Naftaly alileta kigoda akamkalisha Cucu Karambu, kisha akaingia jikoni mwenyewe kuchochea moto wa chai, jambo ambalo wanawake walilitazama bila kuamini. Wengine waliketi kwenye nyasi zilizolowa. Wengine waliondoka wawili wawili, wakizungumza chini chini. Wawira alitoka mlangoni. Hakuweza kusema vizuri, kwa hiyo alimtazama mama yake akatikisa kichwa, mara moja, upande na upande, taratibu kwa sababu ya maumivu. Kisha akarudi ndani, akakaa kwenye kitanda alichotandikiwa, na mtu yeyote uani aliweza kuona kwamba hapo ndipo atakapolala leo na kesho na mpaka atakapopenda.

Felicitas alibaki amesimama na kitabu chake ndani ya leso. Ukungu ulikuwa umetua kwenye nywele zake. Alipoona hakuna anayemfuata aligeuka akaenda, na Ednah, bado amejaa maneno, akamfuata hadi langoni ili ammalizie.

"Umefurahi?" Felicitas akauliza bila kugeuka.

"Sijafurahi."

"Mimi nilirudi." Sauti ya Alhamisi haikuwepo tena. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu mwenye baridi. "Wewe ulikuwa mtoto, hukumbuki. Baba yake Wawira alinivunja mbavu mbili. Mama alinirudisha kwa mkono wake, asubuhi, mvua ikinyesha. Hakuna aliyeniimbia, Ednah. Nilirudi nikapika. Nikatolewa tena, nikarudi tena. Na miaka yote hakuna mtu hata mmoja aliyesema nilifanya vizuri au nilifanya vibaya. Walikula tu. Halafu kikaja hiki kitabu." Alikishika kifuani kwa mikono miwili. "Nikasoma, nikaona kuna mtu mahali ameandika kwamba nilifanya vizuri."

Ednah, aliyekuja kummalizia, akaliegemea lango.

"Sasa mtoto wangu harudi," Felicitas akasema. "Sawa. Naona harudi. Lakini kama yeye hapaswi kurudi, niambie basi, mimi nilirudi kwa nini?"

Nyuma yao vikombe viligongana, mtu akamwita Naftaly aongeze sukari. Ednah alimsogelea dada yake mpaka wakawa pua kwa pua, kama walipokuwa wasichana wakigawana blanketi moja, na alisema kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba hata aliyekuwa karibu na lango asingeisikia.

"Hukupaswa kurudi, Feli. Hata ile mara ya kwanza."